Mapazia Juu ya Viazi

Kibera, 20 Novemba

Dada yangu Nelima,

Salamu zangu ni nyingi kuliko mashimo ya barabara ya Kawangware, na wewe mashimo hayo unayajua moja moja kwa majina. Sisi huku ni wazima. Apiyo mke wangu anakusalimia, anasema wifi yake amehamia kwa wazungu, kwa sababu amesikia huko Kinangop watu wanalala na soksi. Biashara yake ya mapazia ya mitumba inaenda vizuri. Wanawake wa mtaa wa Nyayo Highrise wanabadilisha mapazia kuliko wanavyobadilisha viatu. Mimi karai langu liko pale pale karibu na geti ya mtaa wa Ayany, na chipo zangu za viazi bado ndizo ndefu kuliko zote upande huu wa Nairobi. Jana mtu mwenye tai alikula akaniuliza nilisomea wapi upishi. Nikamwambia Doha. Hakuuliza tena.

Sasa, nakuandikia kwa sababu ya kiapo chako. Siku ile unapanda lori ya Benard na godoro lako ulisema simu zangu hutashika hata moja, kwa sababu kwa simu naongea mimi, najijibu mimi, halafu nakata mimi. Ukasema karatasi ndiyo itanifunza kunyamaza mtu mwingine akiongea. Sawa. Niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa anawaonyesha wageni. Benard ataibeba hii Alhamisi, akishamaliza kushusha viazi soko la Kawangware.

Jambo lenyewe ni hili. Ulisema unajaribu msimu mmoja tu. Viazi vikikubali, unabaki huko. Vikikataa, unarudi Kawangware kuuza mboga kama zamani. Mimi sina upande, mimi ni kama refa. Kibanda chako sijui hata kama kingali kimesimama, kwa sababu ndani ya soko siingii. Nakutana na Benard kwa barabara, nachukua viazi vyangu, narudi Kibera. Lakini nikwambie, mwezi huu sukuma wiki ni ngumu, na wale wamama wa mtaa wa Satellite wanataka uwakatie, uwafungie, na juu yake uwaongezee kitunguu cha bure.

Niandikie viazi vimefika wapi.

Ni mimi kaka yako aliyepanda ndege,
Wekulo


Kinangop, 11 Desemba

Kaka Wekulo,

Barua yako niliipata ndani ya gunia tupu, inanuka mafuta ya karai. Nimefurahi kwamba mko wazima. Mwambie wifi kwamba soksi ni kweli, na mimi nalala na jozi mbili.

Shamba ni robo ekari. Nimekodi kwa mama mmoja mzee, sote tunamwita Cucu, nyumba yake iko juu kidogo ya yangu. Nilipanda mwisho wa Oktoba na sasa majani yananifika magotini. Nikitoka nje asubuhi naona kijani mpaka kwa ua, na hakuna mtu ananiuliza bei. Sikujua masikio ya mtu yanaweza kupumzika hivi.

Nyumba ni chumba kimoja cha mbao. Dirisha nimeliziba na gunia. Nyumba ya mtu wa kupita haihitaji zaidi ya hapo.

Kibanda kisikusumbue. Nilimwambia Valentine muuza nyanya akichukue kama anakitaka. Ila nimeshangaa kidogo. Mtu asiyeingia sokoni amejuaje wamama wa Satellite wanataka kitunguu cha bure?

Nelima


Kibera, 8 Januari

Dada Nelima,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi tulikula kuku aliyekuwa mzee kuliko mimi. Alipikwa kuanzia ibada ya asubuhi mpaka majirani wakaanza kudhani tunachemsha kiatu. Mambo ya kitunguu nilisikia kwa watu. Mimi nina masikio marefu, ndiyo maana Doha walinipenda.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu leo naandika kama mtaalamu. Asubuhi nilikuwa nawasha jiko, redio iko hapa kando ya chumvi, wakatoa utabiri wa hali ya hewa wa miezi hii miwili. Wamesema Januari yote na Februari ni jua na ukavu, joto kushinda kawaida, mvua sahau. Nilisimama na kisu mkononi kama askari. Nikafikiria shamba lako.

Maana yake ni hii: hakuna haraka. Viazi havitaoza kwa maji kwa sababu maji hayapo, na baridi haitakuja kwa sababu joto ndilo limekuja. Viache viko kwa udongo mpaka katikati ya Februari vinenepe. Kiazi kinene ndicho kinazaa chipo ndefu, na chipo ndefu ndiyo inamrudisha mtu wa tai. Hao wenyeji wakikuambia uchimbe mapema, waambie una kaka ambaye baridi anaijua kwa ndani. Doha nilifanya miezi kumi na moja kwa chumba cha kuku waliogandishwa. Nje watu wanachomeka, mimi ndani nimevaa makoti mawili na ndevu zimekuwa nyeupe kama za Musa. Hakuna mtu wa Kinangop atanifunza baridi.

Apiyo anakusalimia. Amefungua robota jipya la mapazia analiwekea Pasaka, mazuri sana, hata kwa mkono hataki niyaguse.

Kaka yako mtaalamu,
Wekulo


Kinangop, 22 Januari

Kaka,

Heri ya mwaka mpya nanyi pia. Pole kwa yule kuku.

Utabiri wako ni wa kweli mpaka sasa. Mchana ni jua tupu, anga haina hata wingu la kufutia mikono. Nimeanika nguo zikakauka kabla sijamaliza kuanika. Lakini Cucu hapendi. Jioni anasimama mlangoni kwake anaangalia juu, anatikisa kichwa. Jana alikuja mpaka kwangu akaniambia nichimbe wiki hii, hata kama viazi bado. Anasema mchana ukiwa hivi, bila wingu na bila upepo, alfajiri moja itakuja na kisu. Nilimuuliza joto linaletaje baridi. Alicheka. Akasema mawingu ndiyo blanketi ya shamba, na sasa shamba limelala uchi.

Nimefukua shina moja nione. Viazi ni kama yai la kuku. Nikivipa wiki tatu vitakuwa kama ngumi. Vya yai hakuna mtu wa chipo atavinunua, hata wewe, usidanganye.

Nimefikiria siku mbili. Nimeweka kila kitu kwa udongo huu, na sipendi kuja kukuandikia kwamba nilikosea. Cucu ni mtu wa huku, lakini wewe ni kaka yangu, na wewe ndiye una redio. Nitangoja.

Nelima


Kawangware, Jumamosi 1 Februari, saa nne asubuhi

Nelima,

Leo hakuna salamu, utanisamehe.

Utabiri umegeuka. Saa moja hii ya asubuhi wamesema nyanda za juu, na wametaja Kinangop kwa jina lake kabisa, kuanzia kesho usiku umande utaganda uwe barafu, na wakulima wa viazi wajihadhari. Nimekupigia mara kumi na moja. Najua unaona. Meseji pia nimetuma, na najua meseji zangu unazifuta kabla hujasoma tangu ile ya Ingwe, timu yangu ya mpira.

Nimekimbia mpaka hapa Kawangware. Bahati Benard leo alikuwa na mzigo wa mtu na hajaondoka. Hii barua ataishika mkononi, si kwa gunia. Nimemwambia akupatie kabla hajazima injini.

Kwa lori kuna robota la mapazia. Usiulize. Fungua yote utandaze juu ya viazi kabla jua halijazama, uyashike pembeni na mawe. Kule Doha, katoni zilizofunikwa blanketi ndizo zilichelewa kuganda kuliko zingine zote, hiyo niliona kwa macho yangu na si maringo. Hayatatosha shamba lote. Anza na upande wenye majani manene.

Mwambie Cucu kwamba

(Benard anapiga honi)

Wekulo


Kibera, 19 Februari

Dada yangu Nelima,

Salamu kwako, kwa Cucu, na kwa huyo Benard ambaye amekuwa bubu.

Alhamisi mbili amekuja. Alhamisi ya kwanza nilimuuliza, akasema, "Wekulo, dada yako amesema nisiseme kitu, ataandika mwenyewe." Alhamisi ya pili nikamnunulia chai na mandazi matatu. Akala yote matatu, akafuta mdomo, akasema vile vile. Nilimwangalia usoni nione kama ni uso wa msiba ama wa sherehe. Lakini Benard ana uso mmoja tu, ule wa kutafuta gia.

Huku ni wazima. Apiyo ni mzima. Mimi kula nakula. Chipo nimeunguza mara mbili kwa wiki moja, na watu wa Ayany wameanza kuniuliza kama nimeajiri mtu.

Kuna kitu sikuandika kwa ile barua ya mwezi wa kwanza. Nitaandika sasa kwa sababu karatasi hii ni ndefu na sina mzaha wa kuijaza. Ile asubuhi ya utabiri, redio ilisema jua, ikasema ukavu, ikasema joto. Halafu mtangazaji akasema, "Lakini nyanda za juu..." Hapo mteja akaitisha chipo na kachumbari, nikapunguza sauti nisikie kama anataka pilipili. Alitaka. Nilipoongeza tena walikuwa wameingia matangazo ya mazishi. Kwa hivyo mimi nilikuandikia kila kitu mpaka pale kwa lakini. Yaliyobaki nikajaza na Doha.

Cucu alijua bila redio. Mimi nilikuwa na redio na sikujua.

Kama viazi vimeenda, si wewe umekosea. Ni huyu kaka yako aliyepanda ndege. Ukitaka kurudi, rudi na kichwa juu, nitawaambia watu wote soko zima. Ukitaka kukaa kimya mwaka mzima pia ni haki yako, ila nitumie hata karatasi tupu, nijue mkono wako bado unafanya kazi.

Wekulo


Kinangop, 26 Februari

Kaka Wekulo,

Natumaini barua hii inawapata mkiwa wazima, na chipo zimeacha kuungua. Benard alikuja ameshiba mandazi, tulimcheka hapa mimi na Cucu.

Sikunyamaza kwa hasira. Nilitaka nichimbe mpaka shina la mwisho ndiyo nijue nakuandikia nini.

Simu kumi na moja niliziona. Nilidhani Ingwe imeshinda. Benard alipofika nilikuwa napalilia. Nilisoma barua yako nimesimama, nikaangalia juu, anga ilikuwa safi kama sahani. Nilimwita Cucu. Yeye alipoona mapazia yanashuka kwa lori aliuliza kama kuna harusi. Nikamweleza. Hakucheka. Alifunga leso kiunoni akashika upande mmoja wa pazia. Benard akashika mwingine. Tuliyatandaza mpaka tukakosa mwanga. Yalifunika theluthi ya shamba, upande wa bondeni, kwa sababu Cucu alisema upande wa majani manene uwe baadaye, baridi inatiririka kama maji na inakaa bondeni. Nilimsikiza. Nilikuwa nimejifunza.

Usiku wa kwanza haikuja. Jumatatu alfajiri ikaja.

Wekulo, sijawahi kuona kitu kama kile. Nilifungua mlango nikadhani kuna mtu amepita akimwaga unga kwa nyasi. Nilipokanyaga, nyasi ililia chini ya kiatu kama biskuti. Mapazia yalikuwa yamekauka magumu, ukiyagonga yanatoa sauti kama bati. Maua mekundu, maua ya bluu, mistari, yote yamelala shambani na barafu juu yake. Nilitembea katikati nikisita, kama mtu aliyeingia sebuleni kwa wenyewe na viatu. Cucu alikuja na ndoo. Akaniambia tumwagie maji yale majani ambayo hayakufunikwa, haraka kabla jua halijayagusa, kwa sababu jua ndilo linaua na si barafu. Tulimwaga mpaka mikono ikakosa hisia. Halafu jua likatoka. Kufikia saa sita, majani yasiyofunikwa yalikuwa meusi, yamelala kama sukuma iliyomwagiwa maji moto. Mistari michache tu karibu na ndoo ilipona.

Tukafunua mapazia. Chini ilikuwa kijani.

Cucu alisimama akatazama sana. Akasema, "Miaka yangu yote sijawahi kuona shamba limevaa." Siku hizi majirani wanakuja kuuliza hiyo dawa inaitwaje. Nawaambia inaitwa Doha.

Vile vya majani meusi nilichimba hapo hapo. Ni vya yai, na vingine ni vya yai la kwale. Vya chini ya mapazia niliviacha wiki tatu zaidi, na leo nimemaliza. Ni ngumi, Wekulo. Vingine ni ngumi zako, si zangu. Gunia moja ni lako, Benard amelibeba. Usimlipe, nimemaliza na yeye. Vidogo navyo nimekuwekea gunia moja, sijui utafanya navyo nini.

Barua yako ya "lakini" nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilicheka. Usijibebeshe peke yako. Cucu aliniambia kwa mdomo wake, na mimi nilikuwa na masikio. Kungoja niliamua mimi.

Sasa mambo mawili. La kwanza, kila pazia lina uzi mwekundu kwenye pindo, na hiyo alama naijua ni ya wifi. Ni lile robota la Pasaka. Sijui ulimwambia nini, na sijui alikujibu nini. Nimeyafua yote mtoni na kuyakunja kama yeye anavyokunja, yanarudi na lori. Nimebaki na moja.

La pili, Benard aliniambia tangu Novemba kwamba kila Alhamisi unasimama nyuma ya kibanda changu, umefunga aproni yangu ya kijani, unakatia watu sukuma vibaya. Nilinyamaza nione utasema lini. Asante, kaka.

Lile pazia nililobaki nalo ni la manjano lenye maua makubwa. Nimetoa gunia dirishani, nimelitundika hapo. Cucu amenikatia shamba nusu ekari kwa mvua ya Machi.

Huku ni baridi bado, lakini mawingu yamerudi.

Nelima


Kibera, 5 Machi

Dada yangu Nelima,

Salamu kutoka kwa mtu ambaye jina lake sasa ni dawa Kinangop. Nimemwambia kila mteja. Mtu wa tai nimemwambia mara mbili.

Viazi vikubwa vimefika. Nimekata chipo moja ikavuka sahani pande zote mbili, nikaiweka mbele watu waione mpaka ikapoa. Na vile vidogo usivionee huruma. Ninavichemsha na maganda, navipaka unga wa manjano, navitumbukiza mafutani vizima vizima. Viazi karai. Nawaambia watu ni chakula ya hoteli za Doha, na kwa sababu ni vidogo vinaisha kabla hawajafikiria. Nitumie vingine kama barafu imekubakishia.

Ulitaka kujua Apiyo nilimwambia nini ile Jumamosi. Sikumwambia kitu. Nilifika nyumbani nikihema, nikasimama mbele ya robota. Redio ya nyumbani ilikuwa bado inaongea, naye alikuwa ameisikia yote, pamoja na lakini. Alilifunga kamba yeye mwenyewe. Alisema tu, "Beba, Wekulo, na usiliangushe kwa matope." Mapazia yamerudi ameyanusa moja moja. Anasema yananuka udongo na atayauza hivyo hivyo, wa Nyayo Highrise watadhani ni manukato.

Barua yako niliisoma kwa sauti. Nilipomaliza nilikuwa bado nafikiria zile ngumi. Apiyo akaniambia nirudie pale kwa dirisha. Nikarudia. Akaniambia, "Umesikia?" Nikamuuliza nimesikia nini, pazia ni pazia. Akanitazama vile anavyonitazama.

"Mtu anayerudi hatundiki pazia, baba."

Nikakaa chini kidogo.

Kwa hivyo kesho yake nilienda sokoni mara ya mwisho. Aproni yako niliifua. Kibanda nimempa Valentine na funguo yake, na nikamwonya kuhusu wamama wa Satellite. Alisema amekuwa akinitazama miezi yote hiyo nikikata sukuma, akivumilia, kwa sababu aliona nangoja mtu. Nilimwambia sikuwa nangoja mtu, nilikuwa nafanya utafiti wa soko. Lakini kwako sitadanganya kwa karatasi. Nilikuwa nangoja. Sasa nimeacha, na sijisikii vibaya kama nilivyodhani nitajisikia. Nasikia kama mtu aliyeweka chini ndoo.

Simu zangu usianze kushika. Barua zako nimezizoea, na Benard ameyazoea mandazi.

Pamoja na hii barua kuna kitu kimekunjwa. Apiyo anasema mapazia huzaliwa mapacha, na lile la manjano mwenzake alibaki huku chini ya kitanda, lilianguka wakati wa kufunga robota. Anasema dirisha la pazia moja linaonekana kama mtu aliyefumba jicho moja. Tundika na hili. Hili halijafunika kiazi hata kimoja, limekuja moja kwa moja kwa dirisha lako.

Kaka yako,
Wekulo